Kiganja cha Unga Kilichotugharimu Baba Sasa Kinamfuata Mwanangu

Wewe unayeendesha ukurasa huu, jina langu likae kwako tu, maana hapa Uvira, huku Kongo, tunajuana mpaka sufuria za jikoni. Mjukuu wangu ndiye anayeandika, mimi nasema. Mimi ni mjane wa huku mtaa wa Rugenge, nimeshapita miaka sabini, miguu inauma lakini ulimi bado mzima. Nasikia mnaosoma hapa ni maelfu. Basi nisikilizeni nyote, kwa sababu kanisani hili siwezi kulisema.

Nilizaliwa kabla ya uhuru. Mama yangu alikuwa na desturi ambayo wamama wengi wa kanisa letu walikuwa nayo: kila ukitaka kusonga ugali, kabla unga haujaingia kwenye maji, unachota kiganja kimoja na kukiweka kwenye kikapu pembeni. Hicho si chako tena. Ni cha mwenye njaa atakayepita, na asipopita mtu, Jumapili kinapelekwa kanisani kwa ajili ya wajane. Mama hakumuuliza mtu ametoka wapi. Alikuwa anasema anayeuliza kwanza huyo anafanya biashara, hatoi sadaka.

Uasi ulipofika kwetu, miaka michache baada ya uhuru, nilikuwa binti mdogo wa kutumwa maji ziwani. Siku moja waasi waliingia uani wakiwa na njaa, wakakiona kikapu. Mkubwa wao akamuuliza mama, "Hii unga iko ya nani?" Mama akajibu, "Iko ya kila muntu mwenye njaa. Hata weye." Akawapikia, wakala ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wakaondoka. Askari wa serikali waliporudi, kuna jirani aliyewaambia kwamba nyumba yetu ndiyo jiko la waasi. Mama akajaribu kuwaeleza habari ya kikapu, lakini nani angemwamini? Walimchukua baba, ambaye siku ile waasi wanakula yeye alikuwa ziwani anavua, na hatukumwona tena.

Kesho yake mama alisonga ugali, akachota kiganja, akakiweka kando. Nilimchukia, nasema wazi. Nilimchukia kwa miaka mingi. Niliona kwamba ametoa kisichokuwa chake, amemtoa baba yetu, na bado anaendelea tu kama hakuna kitu. Halafu nikaolewa, nikasimama mbele ya sufuria yangu mwenyewe, na mkono ukachota wenyewe. Nilijaribu kuacha. Nilikosa amani, nikarudi kuchota, na mpaka leo nachota.

Sasa ndipo penye shida yangu. Siku hizi kuna mama kijana anayekuja mlangoni kwangu na mtoto mgongoni. Ametoka kule juu, kwenye milima ya wafugaji, nyumba yao ilichomwa. Na mnajua hali yetu ilivyo: wa chini anamwogopa wa juu, wa juu anamwogopa wa chini, na kila mmoja ana kaburi la kukuonyesha. Mimi nampa unga, anaupokea kwa mikono miwili, anaenda zake. Tunamwomba Mungu yule yule, tena yeye anajua nyimbo nyingi kuliko mimi.

Majirani walianza kuninunia. Hilo nililivumilia, kununa hakuvunji mfupa. Lakini nina kitinda mimba wangu, ndiye mtoto pekee aliyebaki kwangu, anabeba abiria kwa pikipiki mpaka Luvungi. Juzi alirudi mapema, akakataa kula.

"Maman, leo bamenisimamisha ku barieri," akaniambia, yaani kwenye kizuizi cha wenye silaha barabarani. "Bameniuliza, mama yako iko napikia ba nani?"

Nikamjibu, "Ungewaambia ni sadaka."

"Sadaka? Baba yako alikufa juu ya iyo sadaka, weye mwenyewe ulinielezea. Sasa unataka na minye nikufe?"

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa namwambia mama yangu moyoni miaka yote ile. Watu husema kutoa ni moyo, si utajiri. Sawa, lakini hao hawajawahi kusimamishwa barierani. Kama ni mimi wa kuchukuliwa, wanichukue, mzee kama mimi nimebakiza nini? Lakini hawanichukui mimi, kama vile hawakumchukua mama. Mkono ni wangu, anayelipa ni mwingine.

Kesho yake yule mama kijana alikuja. Nilikuwa nimeshaandaa uongo wangu kwamba unga umeisha. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mama, sitakuya tena. Nimesikia mambo ya mutoto yako. Na minye niko na wangu, najua vile inauma." Akamwombea mwanangu pale pale mlangoni, akamtaja kwa jina, akaondoka bila unga.

Na mimi nikamshukuru Mungu. Nililala vizuri siku hiyo, ndugu zangu, na ndilo jambo linalonitesa. Mwenye njaa ndiye aliyetoa, mimi mwenye unga ndiye niliyepokea. Naona aibu hata kukaa kwenye benchi la wamama.

Najua anapolala, si mbali na hapa. Nikimfuata, ni kama namkabidhi mwanangu barierani kwa mikono yangu mwenyewe. Nikinyamaza, kile kitoto cha mgongoni kinalala njaa ili wangu afike Luvungi salama. Mwanangu anaona yameisha, ameanza kula tena, ananitania kama zamani, na mimi namchekea.

Nishaurini, nifanye nini? Ila msiniambie nimwombe Mungu anionyeshe njia. Ameshanionyesha, ndiyo sababu nauliza ninyi.