Bawa la Gari la Sylvère

Seifu alikuwa mtu wa kuudhi, na ninasema hivyo mimi niliyekuwa rafiki yake kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa tolie, fundi wa kunyoosha bodi za magari, mtaani Buyenzi, Bujumbura, na mimi Ilias nilikuwa mpiga rangi wake. Ukimletea kazi, alikuuliza kwanza kama unataka kitu cha kazi au cha macho, na ukijibu vibaya alikusahihisha mbele ya watu. Husemwa kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Kwa wateja hapendwi hata kidogo, na sisi tuliwapoteza wengi kwa ajili ya mdomo wake. Mkewe, Khadidja, alikuwa akituambia kwamba bibi harusi akimuuliza Seifu kama amependeza, atajibiwa kuhusu mshono wa gauni.

Mwaka wa tisini na tano vita vilikuwa vimekwisha kuugawa mji. Ng'ambo ya mto Ntahangwa kila mtaa ulikuwa na watu wa kabila lake, na wasiokuwa wake walikuwa wamekimbia au wamezikwa. Buyenzi tulibaki tumechanganyika, na magari ya pande zote yaliendelea kuja kwetu, maana bodi iliyobonyea haiulizi mwenye gari ni nani. Ndivyo alivyokuja Sylvère, karani wa ofisi moja huko Rohero, mkazi wa Ngagara, ng'ambo ya mto, na Toyota Celica yake nyekundu ya milango miwili.

Alitaka bawa la nyuma, eleron kama tunavyoliita, kubwa kama lile aliloliona kwenye picha za magari ya mashindano. Hakusema kwamba ni la urembo. Alisema njia ya Gitega imeharibika: palipo na waviziaji watu wanakanyaga mafuta mpaka mwisho, halafu wale waliokoswa na risasi wanatupwa bondeni na kona za Bugarama. Bawa, alisema, litaibana gari chini.

Seifu akalifua kutoka kwenye bati la pipa, pana kama benchi la shule. Nililipiga rangi mara tatu na vanishi juu yake, na nikamvika Sylvère kilemba cha ukoka, nikamwambia Bujumbura nzima hakuna gari litakaloisogelea Celica yake. Lakini kabla ya kukaza nati, Seifu alibandika tonge la udongo wa mfinyanzi chini ya kila mguu wa bawa, akapima unene wake kwa msumari. Tukapanda wote watatu, tukaenda njia ya uwanja wa ndege, Sylvère akakimbiza gari mpaka mimi nikaanza kusoma dua. Tuliporudi Seifu akapima tena. Udongo ulikuwa vile vile.

"Angalia," akamwambia. "Upepo ingekuwa inakandamiza, hii udongo ingelala. Hailale. Na gari yako inavutwa na mataili ya mbele, we unaongeza uzito nyuma. Kwa kona haitakusaidia kitu. Inaweza hata kukuharibia."

Sylvère akacheka. "Na kwa macho?"

"Kwa macho iko muzuri sana."

"Basi funga."

Tukafunga. Kumbe nyumbani kwake alisimulia habari nyingine.

Wiki tatu baadaye, siku ya Ijumaa, Seifu akiwa msikitini na mimi nimebaki kulinda vyombo, alikuja mama mmoja kwa miguu, amefunga kitambaa cha kichwa kama mtu aliyetoka haraka.

"Fundi, mi naitwa Concilie, bibi ya Sylvère wa ile Celica," akasema. "Mama yangu anagonjwa Gitega. Kesho asubuhi bwana anataka kutupeleka, mi na mutoto. Risasi, hiyo iko ya Mungu. Mi naogopa kona. Yeye anasema ile eleron inashika gari kwa barabara. Ni kweli?"

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimhurumia, na sitaficha, nilikuwa pia na kiburi: lile bawa lilikuwa na rangi nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Ulimi hauna mfupa.

"Usiogope, mama," nikamwambia. "Ile eleron inakamata gari kama mukono ya mutu. Pandeni tu."

Akashusha pumzi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Alipoondoka nilijiona kama mtu aliyetoa sadaka.

Seifu aliporudi nilimsimulia nikicheka. Hakucheka.

"Udongo, we uliona?"

"Niliona."

"Na ukamwambia apande na mutoto?"

"Seifu, yule anataka kuona mama yake. Woga ingemusaidia nini?"

"Akijua kweli, atachagua yeye mwenyewe," akasema. "Sasa we umemuchagulia. Enda umwambie."

Lakini wakati huo habari zilikuwa zimefika sokoni kwamba vijana wameweka mawe barabarani ng'ambo ya daraja la Ntahangwa, na kwamba wanauliza kila anayepita anatoka wapi. Simu hatukuwa nayo. Nikamwambia Seifu goti linaniuma, tungoje mambo yatulie. Goti langu lilikuwa zima. Yeye alilijua hilo, na mimi nilijua kwamba analijua.

"Kesho watakuwa wameenda," akasema, akaanza kuvaa viatu.

Nilimsihi angalau avue kanzu na kofia, maana kwa mavazi yale hata mtoto angejua anatoka Buyenzi, kwa Waislamu. Alinijibu kwamba nguo zake nyingine zote zina grisi, na haingii nyumbani kwa mke wa mtu na grisi. Nilikasirika. Nilimwita mjinga, nikamwambia anakwenda kutafuta kifo kwa ajili ya kipande cha pipa. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, na hakuna siku nisiyoyasikia.

Hakurudi. Asubuhi alikutwa kando ya mto, upande wa kule, na wazee walimrudisha kwetu juu ya mkokoteni. Tulimwosha, tukamzika kabla ya adhuhuri. Kwenye vidole vyake vya mkono wa kulia bado kulikuwa na alama za kazi ya Alhamisi.

Na gari? Sylvère aliondoka Jumamosi ile ile alfajiri, peke yake. Alipita Bugarama, akafika Gitega, akamchukua mama mkwe wake mgonjwa, akarudi naye Jumatano. Hawakupigwa risasi, hawakuteleza, bawa lilirudi bila hata mkwaruzo. Nilipoambiwa nilitamani kumpiga mtu. Kama Seifu angeniachia uongo wangu, Concilie angekwenda na kurudi salama, na yeye angekuwa hai ananiudhi. Nimelifikiria jambo hili miaka yote, na kila mara ninapouona uso wa yule mama akinishukuru, nashindwa kusema Seifu alikosea.

Siku ya saba tulisoma hitima nyumbani kwake. Khadidja alikuwa amemuuliza kila mtu kwa nini mumewe alivuka daraja siku kama ile. Mimi aliniuliza kwanza, nikamwambia sijui. Nilikuwa nikipitisha kahawa upande wa wanawake alipoingia Concilie, kichwa amekifunika, akaketi mkekani karibu na mjane.

"Alikuja kwangu," akamwambia. "Alisimama kwa mulango, akakataa kuketi. Akasema, mama, walikudanganya pale kwa kazi, ile eleron haishike gari, iko ya macho tu. Panda ao bakia, lakini ujue. Mi nikabakia. Aliponiaga alikuwa amefurahi."

Khadidja alilia kwa muda mrefu. Kisha akajipangusa uso.

"Lakini bwana yangu alijuaje kama unasafiri? Nani alikuambia ya kwanza kama inashika?"

Concilie akainua macho, akaniona pale na birika langu.

"Nilikuta mutu moja pale kwa kazi," akasema. "Sura yake siikumbuke."

Alisema hivyo akinitazama usoni. Na mimi, niliyekuwa na mdomo mwepesi ile Ijumaa, sikuufungua.