Afande na Shoti ya Polepole

Habari ya kifo cha Afande niliipata buchani, hapa Majimbo mjini Embu, nikingoja kukatiwa mbavu. Mwenye bucha hununua kondoo Timau, na kila akirudi huleta habari za baridi na za watu. "Mwalimu," akaniambia, kisu kikiwa hewani, "yule Afande wenu wa farasi alituacha juzi. Tunazika Alhamisi." Nikatoka, nikaacha nyama juu ya kaunta. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua mimi si mtu wa kusahau nyama.

Afande alikuwa mstaafu wa polisi wa farasi, mwenye masharubu aliyoyatunza kuliko wengine wanavyotunza mashamba, na majivuno ya kutosha tarafa nzima. Tulifahamiana miaka ile baada ya uhuru, nilipokuwa mwalimu kijana Timau. Yeye na wenzake katika kampuni ya ardhi walikuwa wamenunua shamba la ngano la mzungu aliyerudi kwao, na pamoja na trekta mbovu wakarithi farasi jike mmoja mwekundu. Wanachama walitaka avute mkokoteni wa maji. Afande akaapa kwamba mnyama yule angeweza kucheza kwa adabu mbele ya watu, kama farasi wa mashindano aliowaona akiwa kazini. Mwenyekiti akamkubalia ampeleke kwenye maonyesho ya kilimo Meru. Akipendeza, atabaki farasi wa heshima. Asipopendeza, atafungwa mkokoteni.

Mimi nilikwenda pale kila jioni baada ya shule, nikisema nasaidia, ingawa ukweli ni kwamba chai ya mke wake ilikuwa nzito. Kazi yenyewe ilikuwa kumfundisha farasi shoti ya polepole, yaani mbio za kuruka zisizo na haraka. Yule jike alijua shoti moja tu, ya kufyatuka kama ng'ombe aliyeona lango wazi, uzito wote ukiwa kwenye miguu ya mbele. Afande alitaka ajikusanye: miguu ya nyuma iingie chini ya tumbo na kubeba mzigo, mabega yawe mepesi, aruke vilevile lakini kwa hatua fupi. Kwa wiki nyingi alivuta hatamu mpaka viganja vikachubuka, na farasi akakunja shingo tu huku miguu ya nyuma ikiburuta. Nikiwa nimekaa juu ya ua, kikombe mkononi, nilimshauri avute zaidi. Niliwahi kusoma kijitabu kuhusu punda.

Jioni moja akashuka, akakaa kwenye nyasi, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mtu yule akijikosoa. "Mwalimu, nimekuwa nikifunga mbele, na huko nyuma hakuna kitu inakuja," alisema. "Nguvu inatoka nyuma. Mkono ni wa kuipokea tu." Tangu siku hiyo alimzungusha duara baada ya duara, akimsukuma kwa miguu, akikaa mzito kwenye tandiko, akifunga vidole kana kwamba anamsimamisha, kisha akiviachia kabla hajasimama. Alimsemesha farasi Kimeru, mimi Kiswahili, na Kiingereza alikiweka kwa wakati nilipotoa ushauri. Polepole yule jike akaanza kujibeba, hata nikaweza kutembea kando ya shoti yake bila kuhema. Nami nilimpanda mara moja. Ngano ilinipokea vizuri.

Siku ya maonyesho nilikuwa mtangazaji, kwa sababu ya sauti yangu na Kiswahili changu cha chuo. Afande aliniagiza niseme farasi ameingia, kisha ninyamaze. Ilikuwa kazi rahisi kwa mtu yeyote asiye mimi. Watu walikuja kuona mbio, wakaona mnyama mkubwa akiruka taratibu kama anayepita kanisani katikati ya maombi. Wakaanza kunung'unika. Mwenyekiti akatikisa kichwa, nami nikauona mkokoteni. Nikashika kipaza sauti: "Ndugu wananchi, farasi wetu amechoka kidogo, ametoka mbali. Tumpigie makofi apate nguvu."

Uwanja ukalipuka. Makofi, vigelegele, filimbi, na bendi ya shule ikadhani zamu yake imefika. Farasi akatupa kichwa, masikio yakalala nyuma, nikajua nimemwangamiza. Afande hakuvuta. Alikaa mzito, akabana miguu, akafunga vidole, akaviachia. Na yule jike, pamoja na hofu yake yote, akaingiza miguu ya nyuma chini ya tumbo na kuinuka kwa ulaini, akaipita bendi kana kwamba imeletwa kwa ajili yake. Mwenyekiti akasimama. "Huyu si wa mkokoteni," alisema. "Mnyama anasikia mtu na kelele yote hii?"

Kwa miaka mingi nilidai sehemu yangu ya ushindi ule. Afande alinijibu kwamba mimi nilikuwa kelele, ila siku ile kelele ilihitajika. Farasi alizeeka pale pale bila kuvuta kitu. Shamba lenyewe limegawanywa, na upande mmoja sasa wanalima maua. Lakini naona bado tuko uwanjani Meru na kipaza sauti mkononi. Mwalimu asiyekimbiza somo, kiongozi anayefikiri kabla ya kujibu, fundi anayepima tena kabla ya kukata, wote tunawatangaza kuwa wamechoka. Nami huandika safu hii nikifyatuka vilevile, uzito wote mbele, na mhariri ndiye anayevuta hatamu.

Alhamisi, katika upepo wa Timau, binti yake alinieleza kwamba mwaka wa mwisho Afande alitumia asubuhi nzima kufika langoni, akikataa kushikwa mkono, na majirani wakisema mzee amechoka. Kisha nikapewa kipaza sauti. Njiani nilikuwa nimeandaa maneno makubwa. Nikayatazama masharubu yale kwenye picha juu ya jeneza, na maneno yale nikayaacha mfukoni.

"Ndugu zangu," nikasema, "niliwahi kuwatangazia Meru kwamba farasi wa Afande amechoka. Hakuwa amechoka. Alikuwa amejibeba. Na huyu mzee pia."

Binti yake akacheka huku analia, nami nikalia bila kujificha. Nilikuwa na mengi ya kuongeza, na mazuri kweli. Nikarudisha kipaza sauti.