Waridi Nililojichagulia

Jumamosi iliyopita, kwenye duka moja la mji wa Roseville, huku ughaibuni, nilimwona msichana wa Kivietinamu amebandika waridi jekundu kifuani, na mkono wangu ukaenda wenyewe kifuani kwangu.

Nilipokuwa mtoto, Mama alikuwa nesi, na Jumapili akiwa na shifti nilishinda kwa jirani yetu Mvietinamu, Anti Lan. Jumapili moja Anti Lan alinipeleka kwenye hekalu lao la Kibudha, kwenye sikukuu ya kuwaenzi akina mama. Ubani ulinichoma pua. Ngoma kubwa ililia polepole, nikaisikia tumboni. Mlangoni palikuwa na sinia mbili za mawaridi, mekundu na meupe. Anti Lan alipoingia jikoni, nilijibandika jeupe, kwa sababu lilifanana na viatu vya Mama vya kazini.

Ghafla kila mtu akawa mwema kwangu. Mwanamke mmoja alinipa chungwa. Bibi mmoja alinishika mashavu, akalia. Nilidhani nimependeza.

Anti Lan alipotoka jikoni alisimama ghafla. Akalichomoa lile ua, akaniwekea jekundu.

"Jekundu ni la wenye mama hai, jeupe ni la waliofiwa na mama," alisema. "Usimwambie mama yako."

Nilimwambia, garini, alipokuja kunichukua jioni. Mama alicheka mpaka akakohoa.

"Sisi watu wa Yesu hatuogopi maua," alisema, kisha akaendelea kukohoa mpaka tukafika nyumbani, Crystal.

Baada ya kumwona yule msichana wa dukani, kesho yake nilirudi hekaluni, kwenye sikukuu ileile. Nilichukua jeupe. Anti Lan, sasa mzee wa mkongojo, alilitazama kwa muda mrefu, na safari hii hakulichomoa.