Mguu Unaorudishwa Ghalani

Saa mbili asubuhi jua la Korogwe limeshaanza kuchoma, na fundi Habakuki anapiga randa kama mtu anayegombana. Na kweli anagombana. Kila akiisukuma, anasonya.

Pembeni ya meza yake katika mtaa huu wa Manundu umelala mguu wa bandia wa mbao ya mninga, mrefu, uliong'aa kwa kuvaliwa. Shamba la mkonge analolichongea limemwagiza aupunguze ili auvae mtu mwingine.

"Nilimchongea Mdoe, mtu mrefu. Sasa wanataka auvae mfupi," anafoka. "Kwani mguu ni sufuria, kila mtu apikie?"

Habakuki, mzaliwa wa Vugiri aliyejifunza useremala misheni, huchonga miguu ya bandia kwa ajili ya shamba moja la mkonge nje ya mji. Vitoroli vya kubebea mkonge huponda watu, daktari hukata, kisha kazi humfikia yeye.

Kila mfanyakazi wa pale hukatwa robo rupia akimaliza kipande, yaani kadi yake ya siku thelathini za kazi. Fedha hiyo huingia kwenye mfuko wa ajali, ambao makarani huuita bima. Mfuko humlipa daktari, humlipa na fundi. Mpaka hapo, vizuri. Lakini mkataba ukiisha, mguu hurudishwa ghalani pamoja na panga na jembe. Ndiyo, msomaji, umesoma sawasawa.

Jumatatu iliyopita zamu ya kurudisha mguu ilimfikia Mbaruku, Mzigua wa Handeni. Mkataba ulikuwa umeisha, mvua zimeanza, na mkewe, Zuena, ametuma salamu kwamba shamba la mahindi linamsubiri. Habakuki akafunga karakana, akamsindikiza hadi ofisini kwa karani Simeo, kijana mwenye adabu ya kukera.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mwachie huyu mguu wake."

"Si wake, fundi. Ni wa shamba."

"Na robo rupia zake mlizokuwa mkikata?"

"Hizo ni za bima. Naomba usinikasirikie, mimi karani tu."

Habakuki akapiga meza hadi wino ukamwagika. "Nimempima mimi huyu! Hebu uvae wewe tuone kama utakuenea!"

Haikusaidia kitu. Simeo alifuta wino taratibu, akaomba radhi, akanyoosha mkono kuupokea mguu.

Mbaruku akafungua kamba za mguu. Akauweka mguu mezani. Kisha akajiburuta, akakaa chini katikati ya mlango.

"Haya, mwanangu, mali yenu hiyo. Mimi nimemaliza."

Kwa upole uleule Simeo akamkumbusha kwamba aliyemaliza mkataba haruhusiwi kulala shambani. Kabla ya jua kuzama awe ameshatoka.

"Nitoke na nini?"

Bwana mkubwa wa shamba alikuwa amesafiri kwenda Tanga. Kumbeba Mbaruku kwa machela hadi Handeni kungetaka wapagazi wanne, na msimu huu wa kukata mkonge nani angewatoa? Nje, waliokuja kuchukua ujira walishaanza kucheka, maana ofisi ina mlango mmoja.

Mwishowe karani akaandika kwamba mguu umetolewa ukafanyiwe matengenezo kwa fundi Habakuki. Mbaruku akaufunga tena, akaaga watu, akashika njia ya kwao.

Sasa kesi imemwangukia fundi. Bwana mkubwa anarudi wiki hii. Mguu wa Mbaruku usipoonekana, Habakuki atapoteza kazi ya shamba, na hiyo ndiyo inayomlisha yeye, mkewe Dorkasi na watoto.

"Nimemwambia ajibu kwamba bado anautengeneza," anasema Dorkasi. "Lakini namjua mume wangu. Atafoka."

"Nitafoka!" anadakia Habakuki. "Nimechoka, jamani! Wanalipa kukata, wanalipa kuchonga, halafu mtu akienda kwao wanamvua mguu. Bima gani hiyo?"

Hataki kwenda kwa bwana mkubwa peke yake. Amewaomba wanaokatwa robo rupia waende naye, hata wenye miguu yao miwili, kwa sababu kitoroli hakichagui. Wanataka mguu uwe wa aliyepimwa, akiwa kazini au akiwa kwao, na ukichakaa mfuko umchongee mguu mwingine. Wengi wameitikia. Wangapi watatokea siku yenyewe, hajui.

Agizo la kupunguza mguu hakulitii. Anachopiga randa tangu asubuhi ni mguu mpya wa yule mtu mfupi, kwa mbao zake mwenyewe. Ule mrefu anauchukua, anauchoma kwa chuma cha moto, herufi moja moja: MDOE.

Mdoe alirudi kwao Handeni akirukaruka na fimbo. Wenzake wameacha miguu yao ikining'inia kwenye misumari ya ukuta wa ghala, na fundi anaijua yote.

"Siku moja niingie mle," anasema, akipuliza moshi, "nikute misumari mitupu."