Michezo Mitatu ya Mchezaji Mmoja

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya mpakani, pale Grande Barrière, navuka kwenda Goma kununua rangi, mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega. Alinitazama usoni kama anayetafuta kovu.

"Si ni wewe ulichoraka ile michezo ya kompyuta? Ile ya pili, fumbo ya ziwa, ilinimaliza conge yote ya masomo! Mulikuwa na roho mubaya, kweli."

Nilicheka, nikamwomba radhi. Nimeshazoea. Michezo ile ilikuwa mitatu, na miaka ile ya kompyuta zenye kisogo kirefu ilinakiliwa kwenye disketi, halafu kwenye CD, ikavuka mpaka bila pasi na kuchezwa popote palipokuwa na kompyuta na umeme. Unaona picha, unabonyeza vitu, ukifumbua fumbo mlango unafunguka. Wengi wanaamini ilitoka Ulaya, na hilo linanichoma hadi leo. Ilitoka hapa Gisenyi. Ilitungwa na dada mmoja aliyefundisha kompyuta kwenye kituo cha mafunzo, na picha nilichora mimi, fundi wa vibao vya saluni na maduka ya dawa. Usione vyaelea, vimeundwa. Ila siri yenyewe sijawahi kuiandika: hatukuitunga kwa ajili ya watu wa mjini. Ilikuwa na mchezaji mmoja tu, baba wa yule dada.

Mzee huyo alikuwa mvuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, aliyerudi na familia yake kutoka upande wa Congo. Kiharusi kilimpiga akiwa anashona nyavu, kikamwachia mkono wa kushoto na macho. Ulimi ulikwenda. Kabla ya hapo alikuwa bingwa wa vitendawili katika mtaa mzima. Akisema "sakwe sakwe", hata watu wazima waliacha sahani zao na kuitikia "soma". Sasa alikaa kwenye kiti cha sebuleni, na wanawe wakaanza kumzungumzia mbele yake kama mtu anavyozungumzia kabati. Walijadili nani amwogeshe. Walijadili atazikwa wapi. Kaka mkubwa, aliyekuwa na kazi ya ofisini Kigali, aliamua kumhamishia kwake, mbali na ziwa, na nyavu na mitumbwi viuzwe.

"Muzee haiko tena," alisema. "Mwili iko, lakini mutu alishaenda."

Dada yule hakukubali. Alianza na picha za karatasi: mzee aonyeshe kwa kidole. Mzee alionyesha. Kaka zake wakasema yeye ndiye anamwongoza kwa macho, anakohoa, anasogeza karatasi. Basi akaja kwenye karakana yangu, mikono imejaa chaki, akaniambia anataka picha ishirini za nyumba yao, kila mlango na fumbo lake, na mtu asiweze kumsaidia mchezaji hata kwa pumzi. Kompyuta haikohoi, alisema. Nilimwona kama amechanganyikiwa kidogo. Lakini nilikubali, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniomba picha ambayo si ya kichwa kilichonyolewa au chupa ya dawa.

Nawaambia ukweli, sijaona mtu anayefanya kazi kama yule. Alijifundisha kuandika programu kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada wala kurasa za mwisho, na yale ya kurasa za mwisho aliyabuni mwenyewe. Wanafunzi wakitoka saa kumi, yeye anaketi. Akikosea, hakasiriki. Anasema "bon", anafuta, anaanza tena. Mimi rangi ikimwagika natukana hadi jirani anafunga dirisha. Nilimwonea wivu kwa utulivu ule, na bado namwonea.

Mchezo wa kwanza tuliupeleka kwao kwa pikipiki, mimi nimeipakata skrini kama mtoto mgonjwa, yeye akafuata na boksi lenyewe. Mzee aliweka mkono wa kushoto juu ya kipanya, akafungua milango yote ishirini. Mama yake dada alipiga vigelegele. Kaka mkubwa, aliposimuliwa kwa simu, alisema ni bahati, nyumba ile mzee anaijua, hata mkono peke yake unaweza kukumbuka mlango.

"Tunga ingine," alimwambia dada yake. "Nguvu kuliko hii. Wiki mbili zikipita, nitakuja Dimanche nione na macho yangu. Akiweza, anabaki. Akishindwa, ninaenda naye."

Ndiyo maana mchezo wa pili ni mgumu, mama wa foleni. Roho mbaya haikuwepo.

Tulikuwa na wiki mbili. Fumbo la mwisho lilikuwa la ziwa: makundi matatu ya mitumbwi, kila kundi mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, kama wavuvi wetu wanavyofanya. Swali: ni kundi lipi litarudi na sambaza? Moja wavu wake umechanika, moja karabai yake, taa ya kuwavutia samaki usiku, imezimika, moja liko sawa. Nilimaliza Jumamosi, na nilipoitazama picha nikaona giza limezidi. Nikaongeza mwezi. Mwezi mpevu, mweupe, na mstari wake juu ya maji. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, na niliringa nayo kama jogoo.

Jumapili, baada ya misa, sebule ilijaa. Kaka mkubwa alikuja na suti. Dada alisoma maswali kwa sauti, kisha akarudi nyuma hadi ukutani na kukunja mikono. "Mutu asimuguse," alisema. Mzee alipita fumbo la kwanza, la pili, la kumi. Kaka mkubwa alianza kuegemea mbele. Tukafika ziwani.

Mzee alitazama muda mrefu. Kisha alisogeza kipanya taratibu, akapita makundi yote matatu, akabonyeza mwezi.

Kompyuta ikatoa ule mlio mzito wa kukosea. Akabonyeza tena. Mwezi. Tena mwezi. Alibonyeza palepale tu, mara saba, mara nane. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Dada alikuwa ukutani, machozi yanashuka na hayafuti.

Kaka mkubwa alisimama, akamwekea dada yake mkono begani. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli. "Umeona, dada. Anafuata mwangaza tu, sawa mutoto. Donc, tumupakie vitu vyake."

Hapo mama yao akaingia kutoka jikoni na sinia la chai. Alikuwa ameuza sambaza tangu alipoolewa. Aliitazama skrini, akakunja uso.

"Nani alichora hii?"

Wote wakanigeukia. Nikasema ni mimi.

"We ni mutu wa wapi?"

"Kanama."

"Haa! Ndiyo maana." Aliweka sinia chini. "Mwezi iko mukubwa hivi, nani anaenda kuroba samaki? Taa haionekane, sambaza wanatawanyika ziwa yote. Siku za mwezi wavuvi wanalala kwao. Munamuuliza muzee pirogue gani itarudisha samaki? Hakuna! Hata moja! Anawaambia tangu zamani, mutoe mwezi!"

Kwetu Kanama, milimani mbali na ziwa, mwezi mpevu ni rafiki: unarudi kutoka kwenye pombe bila kujikwaa, unaona hata majani ya viazi. Sikuwahi kujiuliza mvuvi anauonaje. Na dada, binti wa mvuvi, alikuwa ameitazama picha ile tangu jana yake akikagua tu kama kipanya kinagusa mitumbwi mahali panapofaa. Sote tulikosea. Aliyekuwa sahihi sebuleni mle alikuwa mmoja, na ndiye tuliyekuwa tunampakia.

Wiki ile ile dada alibadilisha fumbo, ubonyeze mwezi hadi utue ndipo mitumbwi itoke, na watu wa mjini wakaanza kunilaani. Mchezo wa tatu waliutunga pamoja, mzee na yeye. Hakuna fumbo lililoingia bila kidole chake kukubali. Ndiyo maana wa tatu ni bora kuliko yote, na nasema hivyo ingawa picha zangu mle ni za haraka.

Lakini Jumapili ile kazi ilikuwa haijaisha. Kaka mkubwa alivuta kiti, akakigeuzia skrini mgongo, akakaa akimtazama baba yake usoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu augue.

"Baba. Kama ni ndiyo, bonyeza mara moja. Kama ni hapana, mara mbili. Unataka kwenda Kigali?"

Kipanya kikalia mara mbili, upesi. Watu wakacheka, mama akapiga vigelegele tena, hata mimi nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Kaka mkubwa hakucheka. Alikuwa bado anamtazama. Akauliza kwa sauti ya chini, hadi kicheko kikafa chenyewe.

"Baba, maneno yote tulisema hapa, miezi yote hii... ulikuwa unasikia?"

Kipanya kikalia mara moja. Tulingoja mlio wa pili. Haukuja.