Utupa Uliomwagwa Mtaroni

Nilipoolewa Ihanda nikitokea milima ya Ileje, nilipewa kipande changu cha kulima mahindi, na katikati yake kichuguu kirefu kunizidi. Mwaka wa kwanza mchwa waliyakata mahindi yalipoanza kukauka. Majirani wakasema mkamwana wa Ileje hajui kulima, na maneno hayo yaliniuma kuliko njaa.

Kwetu tunaujua utupa. Majani yake yakitwangwa na kulowekwa, maji yake huua samaki, sembuse mchwa. Msimu uliofuata niliupanda mpakani. Mume wangu akachuma nami, akatwanga nami, tukapiga chafya mpaka tukacheka. Dawa ilipokuwa tayari, mama mkwe akaishika ndoo.

"Kichuguu hiki ni cha ukoo, mwanangu. Mgeni hakigusi. Niachie mimi."

Nani abishane na mama mkwe anayejitolea kubeba ndoo? Nilimwachia, ndoo baada ya ndoo. Mahindi yakalala tena. Nikailaumu dawa, kisha nikajilaumu mwenyewe, na mume wangu akanipa pole.

Mvua za kwanza ziliponyesha, nilitoka kanisani mapema kwa sababu kichwa kiliniuma. Niliwakuta wote wawili kwenye kichuguu, mama na mwanawe, wamekifunika kwa majani ya migomba na kuchimba kishimo pembeni. Walikuwa wanazoa kumbikumbi, wanene, ndoo nzima. Kichuguu kilichonyweshwa utupa msimu mzima hakiwezi kutoa kumbikumbi wale.

"Mama, dawa yangu ulikuwa unaimwaga wapi?"

Hakuona haya. "Mtaroni. Mahindi yananunuliwa, mwanangu. Kichuguu kikifa, kimekufa. Mimi niliachiwa na mama mkwe wangu, na nikiondoka kitakuwa chako."

Kikulacho ki nguoni mwako, nami mwaka mzima nilikuwa nakitafuta ardhini. Nikamgeukia mume wangu, aliyekuwa anapepeta mabawa kwenye ungo.

"Na wewe ulijua?"

"Tangu ndoo ya kwanza," alisema kwa upole. "Sikutaka mgombane."

Jioni niliwapikia ugali wa unga wa dukani, wakaula na kumbikumbi wao. Mimi sikugusa, nilikuwa na hasira ya kutosha kushiba.

Mama mkwe nimeshamsamehe, maana alikuwa na chake cha kulinda. Huyu mwingine, aliyekaa kwenye kinu akitwanga na mimi, akijua majani yale yanakwenda mtaroni, bado.