Vyura wa Mwani wa Kaka Masrani

Kaka yangu Masrani, Mungu amrehemu, alikuwa akitengeneza vyura wa chambo. Alichemsha mwani na gundi ya ngozi ya nyati, akamimina kwenye kalibu za udongo, wakatoka vyura laini wa kuvulia haruan, samaki wakali wa matope, katika vinamasi vyetu vya Panggang. Vyura wa plastiki walikuwa wamekatazwa, maana huchomoka kwenye ndoana na nyati wetu wa kufugwa huwameza pamoja na majani. Wa kaka waliruhusiwa kwa sababu waliyeyuka.

Siku moja tuliitwa kwa Haji Barkati. Nyati wake jike, kiongozi wa kundi, alikuwa amelala juu ya jukwaa la magogo, zizi lao juu ya maji, tumbo limevimba, anahema kwa shida. Mchungaji wake alikuwa amemwona juzi akimeza vyura watatu wa kaka.

Haji alikuwa na kisu mkononi. "Masrani, nijibu. Vitu vyako vinayeyuka? Vikiyeyuka, nasubiri apone. Kama haviyeyuki, namchinja sasa hivi kabla hajawa mzoga."

"Vinayeyuka, Haji."

"Si ule mmoja tukuone?" mchungaji alidakia. "Au unaogopa utaanza kurukaruka?"

"Lete pilipili, nitakula wawili."

Watu walicheka. Haji hakucheka. "Apa."

Kaka akainua mkono. Wiki iliyotangulia alikuwa ameniachia sufuria nikoroge, mwani ukapungua, vyura wakawa wanabomoka. Nikaongeza utomvu wa mpira, vikombe viwili. Wakashikana vizuri, naye akanisifu. Sikumwambia.

"Wallahi—"

"Kaka, usiape!" Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine. "Nilitia mpira. Hawayeyuki."

Alinitazama. Nyati alikoroma, macho yakaanza kugeuka. Polepole kaka akashusha mkono.

"Mchinje, Haji," alisema.

Haji alisoma bismillahi, akachinja. Walipopasua tumbo waliwakuta wote watatu, wamegandamana, hawajayeyuka hata kidogo. Haji akawatupa miguuni mwa kaka.

"Usinionyeshe tena ndoana yako kwenye maji haya."

"Sawa, Haji."

Njiani nililia. Kaka alipiga kasia tu. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Ningeapa uongo kwa jina la Mungu, Rusmini. Ungechelewa kidogo tu."

Msimu mzima alimkatia Haji majani ya nyati, bila kuvua. Kisha akapika vyura wapya peke yake, akapeleka mmoja kwa Haji ndani ya ndoo ya maji. Kila asubuhi Haji alichungulia. Siku ya nne ndani ya ndoo hakukuwa na chura, maji tu yenye ukungu.

"Kavue," Haji alimwambia.

Alivua miaka kumi na moja tena, hadi Ijumaa ile homa ilipomchukua. Ee Mola, mpokee. Hakuwahi kuniuliza kwa nini nilinyamaza wiki nzima.